Mtoto wa Redio na Kufuli ya Shangazi

Majina sitaandika. Si kwa kuogopa, kuogopa niliacha zamani. Ni kwamba katika mambo haya jina halikusaidia mtu. Kilichosaidia ni kitu kingine, na mtakiona tukifika.

Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa kwa kibanda changu cha mboga hapa Munyaka, mtaa wa Eldoret, nakatakata sukuma, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Yaya! Kuja hapa! Haraka!"

Nusura nimrushie kisu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, nina wajukuu wawili, na tangu nitoke kwa nyumba za watu hakuna mtu ameniambia "kuja hapa haraka" akaenda zake na amani. Nikageuka na maneno yangu tayari mdomoni. Nikaona Mhindi. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, nywele zimekatwa fupi kama za askari, viatu vikubwa vya kupandia mlima, na shingoni ametundika vile visikio vya watu wa redio kama mkufu. Anacheka na machozi yanamtoka.

"Yaya, angalia mimi," akasema. "Angalia!"

Nikamwangalia. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu dogo. Lile kovu nililijua, kwa sababu siku alipolipata nilikuwa nimembeba, tukateleza pamoja kwa ngazi. Yeye alishonwa, mimi nikapigwa kofi.

"Wewe!" nikasema. "Si ulienda Ulaya ukiwa huna meno ya mbele!"

Tukakumbatiana pale pale, na majani ya sukuma mkononi, mteja wangu amesimama anangoja mboga yake kama mtu aliyeingia kwa harusi isiyo yake.

Niwaeleze. Nilitoka kwetu magharibi nikiwa na miaka kumi na saba na darasa la nne peke yake, nikapata kazi kwa nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa hapa Eldoret. Nyumba ilikuwa ya watu wengi lakini mwenye funguo alikuwa mmoja: shangazi, dada mkubwa wa baba ya huyu mtoto, mjane. Duka lake, nyumba yake, na funguo zake kiunoni zinalia kama kengele ya mbuzi, ukizisikia unajua usimame. Mimi niliandikwa kulea mtoto. Nilimlea miaka mitatu, halafu wazazi wake wakamchukua wakahamia Uingereza. Mimi nikabaki na shangazi miaka mingine minane. Ya kulea ilikuwa mitamu. Ya shangazi nitasema.

Sasa huyo mtoto huko Uingereza akawa mtu mkubwa wa redio. Mimi nilikuwa nimesikia kwa uvumi tu, na uvumi wa mji huu mara anasoma habari, mara ameolewa na mzungu, mara ni daktari. Kumbe la redio lilikuwa kweli. Alikuwa amekuja kutengeneza kipindi kuhusu nyumba aliyozaliwa, na alikuwa amefikia kwa huyo huyo shangazi. Alipomuuliza, "Yaya wangu yuko wapi?" shangazi akamwambia nilienda kwetu nikaolewa, hajui ni wapi. Anajua sana. Kibanda changu kiko dakika kumi na tano kutoka dukani kwake, na akipita na gari anageuza uso upande wa posta. Aliyemwelekeza kwangu ni fundi wa cherehani anayekaa kwa baraza ya duka.

Nikampa kiti cha plastiki, nikatengeneza chai. Hapo ndipo Kiswahili chake kikaanza kunishangaza. Alikuwa hajakitumia tangu aondoke, lakini kilikuwa hai, na chote kilikuwa amri. Leta. Ondoa. Funga. Osha. Nyamaza. Ngoja. Haraka. Hakuwa na lingine. Akitaka nikae anasema, "Yaya, keti." Akitaka nionje biskuti alizoniletea anasema, "Yaya, kula." Na sauti yake tamu kabisa, ya upendo, lakini ukifunga macho ni shangazi.

Nikaona tutagombana bure, nikamwita jirani yangu atutafsirie. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa hapa hapa, nyumbani kwao ni Cheptiret, mtu wa kucheka. Akasikiliza kidogo akaniambia, "Mama, huyu mgeni wako anaongea kama sajini wa jela."

"Alisoma jikoni kwetu," nikasema. "Ndicho Kiswahili kilichokuwa kinapikwa."

"Nimwambie?"

"Mwambie."

Akamwambia kwa Kizungu. Mtoto wangu akaweka kikombe chini. Akafungua kidaftari, akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akasema kitu, na mwalimu akanitafsiria: "Anasema amekaa miaka ishirini akiwafundisha Waingereza jinsi ya kuongea na watu, na hakuna siku alijiuliza yeye mwenyewe anaongea namna gani kwa lugha hii."

Basi nikamuuliza hiyo miaka ishirini alikuwa anafanya nini hasa, maana mimi kazi ya redio najua ni salamu na matangazo ya vifo.

Akanieleza, na alieleza vizuri, kwa kuigiza, mpaka wateja wangu wakasimama kusikiliza. Shuleni huko watoto walimwambia ananuka viungo. Akaacha kubeba chakula cha mama yake, akawa anashinda njaa. Alipoanza kazi ya redio, katika stesheni ndogo ya mji mdogo, walimpa kutengeneza chai. Mwaka mzima chai. Kisha wakampa kipindi, lakini cha Wahindi, Jumapili alfajiri, wakati Wahindi wenyewe wamelala. Akauliza, na habari nitasoma lini? Mkubwa wake akamwambia sauti ni nzuri lakini jina ni gumu kwa wasikilizaji, abadilishe. Akakataa. Akamwambia mkubwa, "Wewe umejifunza majina ya wachezaji wote wa mpira wa Brazili, langu litakushindaje?"

Wateja wangu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa anatafsiri kwa mikono miwili.

Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkubwa huyo kila siku saa ya chakula, na sandwichi yake, mpaka yule mzee akachoka kupita mbele yake. Akasoma habari. Watu wakamwandikia barua za matusi, rudi kwenu, wewe hivi, wewe vile. Yeye akazichukua akazisoma hewani, moja moja, kwa sauti ile ile ya kusomea hali ya hewa, na makosa yao ya Kizungu akiyasahihisha. Hapo ndipo akajulikana nchi nzima. Kisha akaanza kuwasukuma wenye stesheni waandike wengine: Wahindi, watu weusi, wasichana waliotengenezeshwa chai kama yeye. Akashinda mara nyingine, akashindwa mara nyingine, siku moja wakamfukuza, mwaka uliofuata wakamrudisha.

"Na wewe unapigana na nini hasa?" nikamuuliza.

"Mtu kuambiwa mahali pake ni wapi," mwalimu akatafsiri, "kwa sababu ya rangi yake."

Nikasema, "Basi umefika. Washa hiyo mashine."

Sasa hapa niliharibu, na mwalimu ananicheka mpaka leo. Alinishikia maikrofoni, yenye manyoya kama paka, akasema, "Yaya, sema." Na mimi redio ninayoijua unaanza na salamu. Ndivyo tulivyozoea: unajitaja, unataja ulipo, halafu unawasalimu watu wako mmoja mmoja, na ukimsahau mtu huyo ugomvi utaukuta nyumbani. Nikaanza. Nikamsalimu mama yangu, nikawasalimu ndugu zangu wote kwa kufuata kuzaliwa. Nikawasalimu akina mama wa mboga wa Munyaka, wa Yamumbi, na yule mmoja wa Yamumbi ambaye hatuongei, lakini redio ni redio. Nikamsalimu mchungaji. Nikawasalimu mafundi. Mtoto wangu anatikisa kichwa tu, anatabasamu, anahamisha maikrofoni kutoka mkono huu kwenda ule.

"Mama," mwalimu akaninong'oneza, "hiki kipindi si cha salamu."

"Bado shemeji zangu."

"Mama!"

Nikamaliza kwa shemeji. Kisha nikasema lililokuwa moyoni.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba, mwaka wangu wa mwisho kwa shangazi, baridi ile ya Eldoret ya kuingia kwa mifupa. Familia nzima inaenda Kisumu kwa harusi, inarudi kesho yake. Mimi nimeachiwa kazi ya kukaanga vitafunio vya wageni wa Jumatatu. Na shangazi alikuwa na mtindo wake: akisafiri, anafunga mlango wa jikoni kwa nje, kufuli kubwa ya shaba, na mimi ndani. Alisema mwaka mmoja mfanyakazi wa jirani alitoka na zulia. Basi mimi nalipa zulia la jirani.

Saa sita mchana gesi ikaisha. Nikawasha jiko la makaa ndani ya stoo, kwa sababu mahali pengine hapakuwa. Mvua ya mawe ikaanza, nikafunga dirisha. Nikakaanga. Baada ya muda kichwa kikawa kizito, magoti yakawa ya mtu mwingine. Hapo nikakumbuka yaliyompata binamu yetu na makaa, nikajua ni ile hewa yake inayoua. Nikaenda kwa mlango, kufuli. Nikarudi kwa dirisha, komeo likakwama, na nje kulikuwa na vyuma. Nikavunja kioo kwa mti wa kusukumia chapati, nikapitisha mkono wangu wote nje, kwa sababu mkono ndio peke yake uliopita, nikauchezesha na kupiga kelele. Sijui muda gani. Seremala wa nyuma ya ua ndiye aliona mkono, mkono tu, unapunga kwenye mvua na damu inatiririka. Akaruka ua na nyundo, akavunja kufuli.

Daktari alishona. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Ukinunua sukuma kwangu utaona ninavyoshika kisu, watu wapya hudhani ni maringo.

Jumapili jioni wakarudi. Mimi nimekaa kwa ngazi ya nyuma, mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Shangazi akashuka garini, akaangalia dirisha. Akaangalia kufuli. Halafu ndipo akaniangalia mimi, na alichosema ni hiki, na sikusahau hata neno: "Nani navunja dirisha yangu?"

Wiki hiyo hiyo nikafukuzwa. Hilo ningemeza. Lakini akawaambia wenye nyumba wenzake, wa rangi yake na wa rangi yangu, kwamba nilikuwa navunja nitoroke na vyombo vya fedha. Kupitia vyuma! Nitoroke mimi kama moshi! Lakini wakaamini, na mji mzima hakuna mlango ulionifungukia. Mwishowe nilipata kazi kwa mama mmoja, mtu wa kabila langu kabisa, mwenye Biblia kubwa, naye siku ya kwanza akaninunulia sahani yangu na kijiko changu, na kila jioni akikagua mfuko wangu kwa mlango. Kwa hivyo msidhani nasema Wahindi. Nasema mwenye funguo. Rangi ilimrahisishia kazi shangazi, ndiyo, na huyo mama akaimalizia bila rangi. Kwake nilikaa miezi miwili, nikafungua kibanda.

Hayo yote niliyasema kwa maikrofoni, na jina la shangazi nikalitaja mara tatu, na la duka, na la barabara.

Nilipomaliza mwalimu alikuwa halii wala hacheki. Akamtafsiria mtoto wangu yote, naye akainama. Kisha akaanza kuniambia jambo, polepole, na mwalimu akatafsiri kama mtu anayekanyaga miiba.

"Anasema ameamini. Anasema hicho kioo alikiona, hakikubadilishwa mpaka leo, wamebandika ubao. Anasema kipindi atakitoa. Lakini wakubwa wake huko hawataruhusu jina, kwa sababu ya mahakama. Atasema 'mwajiri mmoja mjini Eldoret.'"

"Mwajiri mmoja!" nikasema. "Waajiri wa Eldoret hata panya hamalizi kuwahesabu. Mwambie basi asitoe."

"Mama, fikiria kidogo."

"Nimefikiria tangu mkono huu ushonwe. Redio bila mtu kujulikana ni redio gani? Mimi jina langu lilizungushwa mji mzima bila mahakama. Sasa la kwake ndilo la kufunikwa na blanketi?"

Mtoto wangu akasema kwa kile Kiswahili chake, "Yaya, ngoja. Yaya, nyamaza kidogo," halafu akajishika mdomo, akaona haya.

Mteja akaja, nikampimia nyanya. Na nilipokuwa napima, ndipo nikaona jambo ambalo mtu wa Ulaya hangeliona, kwa sababu wao wanaitana majina. Hapa kwetu nani anamwita mwanamke mzima kwa jina? Ni mama fulani, ni shangazi wa fulani. Mimi mwenyewe miaka kumi na mmoja kwa nyumba ile sikuwahi kuitwa jina langu. Nilikuwa Yaya. Mtu anatambulika kwa wake.

Nikamwambia mwalimu, "Mwulize. Mahakama ya kwao inamkataza kusema huyo mwanamke ni nani wake?"

Akamwuliza. Mtoto wangu akavua visikio vyake shingoni, akavishika mapajani. Alikuwa amenielewa kabla ya swali kwisha. Kusema "mwajiri" ni rahisi. Kusema "shangazi yangu" ni kusema, mimi nililishwa na mkono huo, sare zangu za shule zilitoka kwa duka hilo, na usiku wa leo nalala kwa kitanda chake.

"Anasema huyo ndiye ndugu pekee wa baba yake aliyebaki hai," mwalimu akatafsiri. "Anasema atampoteza."

"Najua," nikasema. "Mwambie sitamkasirikia akishindwa. Lakini asinitoe na mwajiri. Ama shangazi, ama anifute."

Akazima mashine yake. Akanikumbatia, akaenda. Hakuahidi. Siku ya pili akapanda ndege.

Nikaanza kungoja, na mimi sijui kungoja kwa adabu. Kila asubuhi namuuliza mwalimu, "Imetoka?" Anasema, "Mama, hata mkate unachukua muda." Wiki zikapita, miezi ikapita. Nikaanza kujiambia amenifuta. Nikamtukana kidogo moyoni. Nikasema, damu ni damu, na Mhindi ni Mhindi, hata akisoma barua za matusi hewani. Niliyasema hayo, siyafichi, na mwalimu alinikaripia: "Mama, hiyo sasa ndiyo ile ile anayopigana nayo." Nikanyamaza siku mbili.

Halafu Jumamosi moja mchana mwalimu akaja mbio na simu. Tukakaa nyuma ya kibanda kwa magunia ya viazi, simu katikati yetu. Kipindi kilikuwa cha Kizungu. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli, nzito na tulivu, nikaelewa kwa nini wale wazungu walichoka kumzuia. Mwalimu akawa anatafsiri kwa vipande: hapa anaeleza mji, hapa anaeleza chai ya mwaka mzima, hapa anasema alikuwa anadhani yeye ndiye mtu aliyefungiwa mlango. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, Kiswahili changu, juu yake mwanamke mwingine anatafsiri. Mkono unatoka dirishani. Mvua. Seremala. Dirisha yangu.

Kisha yeye mwenyewe.

Mwalimu hakutafsiri. Akanishika goti.

"Amesema nini?"

"Ngoja."

"Mwalimu, amesema nini?"

"Amesema, 'Mwanamke aliyekuwa na ufunguo ni shangazi yangu, dada ya baba yangu. Ninampenda. Na alimfungia ndani mtu aliyenilea, akamwita mwizi, na haikuwa kweli.'"

Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Mara ya nne nilikuwa nimeshajua sauti ya Kizungu ya hayo maneno, ningeweza kuyaimba. Sikulia, nilidhani nitalia. Nilisikia njaa tu, nikala ndizi tatu za kuuza.

Habari kama hiyo haihitaji gari kufika mjini. Wahindi wa Eldoret wana jamaa huko Uingereza kila nyumba, na kufikia Jumanne fundi wa cherehani aliniambia dukani wanaongea chini chini na mlango wa ofisi umefungwa. Alhamisi asubuhi simu yangu ikalia, namba nisiyoijua.

"Veve nasema mimi kwa redio ya Ulaya?"

Sauti imezeeka, lakini mgongo wangu uliijua kabla ya sikio. Ulisimama wenyewe. Nikaulazimisha ukae.

"Si mimi, Mama," nikasema. "Ni mtoto wako."

"Mtoto gani! Mimi hapana mtoto tena!"

"Hilo zungumzeni wenyewe."

"Watu yote sasa najua," akasema, na hapo sauti ikapasuka kidogo, nikamsikia anapumua. Kwa sekunde moja nilidhani ataniuliza kitu. Nilingoja. Nilimpa nafasi, Mungu anajua.

Akakata simu.

Mteja wangu, mama mmoja aliyehamia mtaani juzi tu, alikuwa amesimama na kikapu. "Ni nani huyo anakugombeza mapema hivi?" akaniuliza.

Nikachukua kisu, nikaanza kumkatia sukuma yake, nyembamba kama alivyotaka, na nikamwambia. Jina lote, na la duka, na barabara ukitokea upande wa posta.